Nini Kinachomwinua Mzee Kitini?



Mara nyingi katika ukurasa huu tumewaandikia juu ya shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari, na kila mara tumemalizia kwa maneno yale yale: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, fanyeni mazoezi. Hatuna budi kukiri kwamba hayo maneno ya mwisho hayajawafikia wazee wetu. Mzee akisikia “fanya mazoezi” humwona kijana aliyevaa raba na fulana akikimbia barabarani alfajiri, au askari kwenye gwaride. Hujisemea moyoni, “Hayo si yangu,” kisha hubaki kitini pake. Wala hatuwezi kumlaumu. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono miaka hamsini, aliyebeba maji na kuni, aliyekwenda mnadani kwa miguu na kurudi, anaona ajabu kuambiwa atembee bila ya kuwa na mahali anapokwenda.

Kwa hiyo leo hatutaanza na mazoezi. Tutaanza na swali: mzee aliyezoea kukaa, siku anapoanza tena kujishughulisha, huwa ameinuliwa na kitu gani?

Mama wa benchi la tatu

Tunamfahamu mama mmoja, umri wake umepita miaka 70, mwanajumuiya hapa hapa Tabora mjini. Masika moja aliteleza uani akaanguka. Hakuvunjika kitu, ila watoto wake walishtuka sana. Wakapanga kwa upendo kabisa: maji atachota mjukuu, uwanja atafagia binti, sokoni asiende tena, na kanisani atapelekwa kwa bodaboda. “Mama, wewe umeshafanya kazi ya kutosha. Kaa tu,” walimwambia. Naye akakaa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila ya kushikwa mkono. Kila alipokwenda kupimwa presha aliambiwa afanye mazoezi. Alijibu, “Ndiyo, daktari,” kwa heshima, akarudi nyumbani kukaa.

Kilichombadilisha ni Kwaresima. Ijumaa ya kwanza ya Njia ya Msalaba, waamini walipopiga magoti kila kituo, yeye alibaki ameketi kwenye benchi la tatu. Vituo vyote 14 alikaa. Alipotoka alimwambia jirani yake wa Jumuiya kwamba ameona haya, kama mtu aliyeketi wakati wenye nyumba wamesimama. Jirani huyo naye magoti yalikuwa yakimsumbua. Akasema, “Basi dada, tujaribu.” Kila jioni walikutana chini ya mwembe, wakaweka kiti imara na meza ya kushikilia, wakawa wanainuka na kuketi, wanainuka na kuketi, huku wakizungumza habari za wajukuu. Wiki ya kwanza mama yetu aliweza mara 2 tu. Wiki ya tatu alifika mara 8. Halafu wakaanza kujishusha chini pole pole, goti moja juu ya mkeka uliokunjwa, na kuinuka tena.

Ijumaa Kuu alipiga goti vituo 9. Vituo 5 vilivyobaki alisimama, ameshika benchi. Katika majuma yote hayo hakuna aliyemtajia neno mazoezi.

Mji uliojengwa na watembea kwa miguu

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mji wetu ulikua kwa sababu ya miguu ya watu. Katika karne ya 19, wakati wageni wakiuita Kazeh au Unyanyembe, hapa ndipo misafara ilipokutana: ile iliyotoka Bagamoyo, iliyokwenda Ujiji na iliyoelekea Karagwe na Buganda. Kutoka hapa hadi pwani ni kiasi cha kilomita 800. Waingereza Burton na Speke walianza safari pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba, yaani zaidi ya miezi minne njiani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, ambao ni zaidi ya kilo 30, na bado alikuwa na mkeka wake, chungu chake na chakula chake mwenyewe.

Wazee hao walitembea kwa nini? Hakuna aliyekwenda pwani ili moyo wake uwe na afya. Walitafuta kitambaa, jembe na mahari. Walitafuta heshima pia, kwani kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado ni mtoto, na hata wavulana wadogo walipewa pembe ndogo ya ndovu kuibeba ili wajifunze. Tena hawakwenda peke yao. Mbele alikwenda kirangozi na mavazi yake ya fahari, ngoma ikalia asubuhi, nyimbo zikaitikiwa njiani, na wanyampara wakaangalia kwamba hakuna anayeachwa nyuma. (Neno hilo la mnyampara tumelirithi, ingawa siku hizi linamtisha kibarua kuliko kumtia moyo.)

Hatusemi haya ili kuutukuza wakati ule. Njia hiyo ilikuwa pia njia ya watumwa, na wapagazi wengi walikufa kwa ndui, kuhara na njaa. Tunachotaka mkione ni kwamba mwili ulitembea kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda, na watu wa kwenda nao.

Watu wa Kanisa nao waliijua njia hiyo. Wamisionari wa kwanza wa Afrika, tunaowaita White Fathers, waliipita mwaka 1878. Miaka kumi baadaye akaja Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao na kusomeshwa uganga kule Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu huko kama daktari na katekista kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Mtu wa namna hiyo kila alfajiri alikuwa na wanaomngojea mlangoni.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi ikapungua, na ni heri ilivyopungua. Baadaye zikaja baiskeli, mabasi, mabomba ya maji, mashine za kusaga, na sasa bodaboda inayokufuata mpaka mlangoni. Kila kimoja kimempunguzia mzee taabu. Lakini kila kimoja kimeondoa pia sababu moja ya kuinuka, wala hatukuweka nyingine mahali pake.

Bibi wa Kihadzabe

Kaskazini-mashariki yetu, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe. Kuanzia miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Kristen Hawkes, na wenzake walikaa nao na kuhesabu saa ambazo kila mtu alitumia kutafuta chakula. Waliwaona wanawake wazee, ambao uzazi wao ulikwisha zamani, wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa saa nyingi, hata kuwazidi wanawake vijana. Tena waliona kwamba mama anapojifungua mtoto mwingine na kupunguza kazi, afya ya yule mtoto aliyeachishwa ziwa hufuatana na bidii ya bibi yake. Bibi huyo haambiwi na mtu ainuke. Anajua asipokwenda kuchimba, mjukuu atalala na njaa.

Tukisafiri kidogo, tunakuta sababu nyingine. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, bibi waliovamiwa na wahalifu waliamua kujifunza kupiga ngumi na mateke ili wajihami, na picha zao zimeonekana duniani kote. Afrika Kusini, katika jimbo la Limpopo, mama Rebecca Ntsanwisi, aliyekuwa anaugua saratani, aliwakusanya wanawake wazee wakaanza kucheza mpira wa miguu. Timu yao inaitwa Vakhegula Vakhegula, maana yake mabibi. Baadhi ya watu waliwacheka mwanzoni, wakisema mahali pa bibi ni nyumbani na kanisani. Wao waliendelea, na hadi leo wanacheza na kucheka pamoja.

Woga, mjukuu, ibada, kicheko: hizi ni sababu zisizofanana. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wazee hao aliyeanza kwa kuogopa ugonjwa wa miaka kumi ijayo. Mzee wa miaka 75 haoni faida ya kutishwa na miaka kumi ijayo. Anachotaka ni cha wiki hii: aingie chooni bila kusindikizwa, ambebe kitukuu, afike msibani kwa jirani, asiwe mzigo kwa watoto wake. Daktari akimuuliza, “Mzee, ni jambo gani ambalo zamani uliliweza na sasa umelikosa?” atapata jibu, na jibu hilo ndilo la kuanzia.

Upendo unaokalisha

Sasa tuseme na ninyi watoto na wakwe, maana tukiwa wakweli, mara nyingi sisi ndio tunaowakalisha. Kwa mila zetu ni aibu jirani amwone mzee wako amebeba ndoo. Utaulizwa kama huna watoto nyumbani. Basi tunamnyang'anya ndoo, tunamnyang'anya ufagio, tunamnyang'anya jembe, na tunaona tumemheshimu.

Lakini mwili wa mzee hauhifadhiki kwa kupumzishwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwaomba wazee wenye afya nzuri walale kitandani siku 10 mfululizo. Katika siku hizo 10 tu walipoteza kiasi cha kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Fikirini basi mzee anayekaa miezi sita barazani baada ya kuanguka mara moja. Misuli inapungua, kwa hiyo anayumba. Kwa kuwa anayumba anaogopa. Kwa kuwa anaogopa anakaa. Na kwa kuwa anakaa misuli inazidi kupungua. Anguko la pili huja likiwa baya kuliko la kwanza, na likivunja nyonga, wengi hawarudii tena hali yao ya awali.

Habari njema ni kwamba njia hii inarudika hata kwa walio wazee sana. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walieleza jinsi walivyowachukua wazee 10 kutoka nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawazoeza kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu ya miguu yao iliongezeka zaidi ya mara mbili, na wawili wakaacha kutembelea fimbo. Kwa hiyo neno “nimeshachelewa” halina msingi.

Hatusemi bibi wa miaka 80 akachote ndoo ya lita 20 kisimani. Mwachieni jagi la lita tatu. Mwachieni kufagia kivuli cha mwembe, kupepeta mchele, kumwagilia mchicha, kumsindikiza mjukuu mpaka njia panda. Mwachieni kitu ambacho asipokifanya, nyumba itaona kwamba hakikufanyika.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayoharakisha pumzi kwa kiasi, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2, na kujizoeza usawa wa mwili ili wasianguke angalau siku 3. Msiogope hesabu hiyo. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Aliyekaa mwaka mzima aanze na dakika 5, aongeze pole pole kila wiki.

Kutembea ni kwa bure. Rozari moja, ikisaliwa kwa utulivu, huchukua kama dakika 20. Watembee wawili au watatu wakisali kwa sauti. Wakiweza kuitikia sala lakini wasiweze kuimba wimbo mpaka mwisho bila kuvuta pumzi, mwendo wao ndio ule unaofaa. Wakikosa hata pumzi ya kuitikia, wapunguze. Rozari ya namna hiyo siku 5 kwa wiki ni dakika 100, na kazi za bustani zitajaza zilizobaki.

Kwa nguvu za miguu, kuinuka kitini kama yule mama wa benchi la tatu kunatosha kabisa. Kiti kiwe imara, kiegemezwe ukutani, na mwanzoni atumie mikono. Kwa usawa wa mwili, ashike meza au kingo ya dirisha, ainue mguu mmoja, ahesabu mpaka kumi, abadilishe. Asifanye hivyo katikati ya chumba peke yake.

Mazingira nayo yasaidie. Chooni wekeni mti au bomba la kushikia. Fundi atalifunga kwa nusu siku, nasi tunaliona kuwa na thamani kuliko sofa. Uani ondoeni mawe na kamba za mbuzi. Ndala zilizolegea zimeangusha wazee wengi, kwa hiyo apate viatu vinavyoshika kisigino. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho humfanya mtu akanyage asipopaona. Na kwa jua letu, hasa Septemba na Oktoba, watembee alfajiri au jioni, wanywe maji kabla, wakae mbali na barabara kuu ambako pikipiki hazina huruma.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha iliyo juu sana au kisukari aonane na mganga kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari abebe kitu chenye sukari mfukoni, na kila jioni akague nyayo zake kama zina kidonda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, au mguu mmoja kuvimba ghafla: aache mara moja, apelekwe hospitali. Magoti kuuma kidogo mwanzoni ni kawaida na hupungua kadiri misuli inavyopata nguvu. Lakini goti lililovimba na kuwa la moto lisilazimishwe.

Asiachwe peke yake

Desemba 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi kwa taifa zima, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku yake. Ni jambo jema. Ila Jumamosi moja kwa mwezi ni chache, na uwanja uliojaa vijana haumvuti bibi. Yeye anamhitaji mtu mmoja wa rika lake atakayegonga mlango na kusema, “Mwangaluka, twende.” Mtu akijua mwenzake anamngojea chini ya mwembe, huona vibaya kutotokea. Ndiyo ile kazi ya kirangozi.

Kwa sababu hiyo tunaona Jumuiya Ndogo Ndogo zinafaa kuliko uwanja wowote. Zinakutana kila wiki, ziko jirani, na zinamjua nani haonekani. WAWATA wanaweza kuwapanga akina mama wawili wawili. Wanaume wazee ni wagumu zaidi, tumewaona: mzee hatatoka kwa kuitwa kutembea, lakini ataitika akiombwa akakague mipaka ya kiwanja cha kigango, akawaonyeshe vijana miti ya dawa, au akawasalimie wagonjwa. Basi mwombeni hayo.

Ya kuzungumza katika Jumuiya

Katika Jumuiya yetu, ni mzee gani ambaye tulizoea kumwona akitembea na sasa haonekani? Nani atakwenda kumsalimia wiki hii, tena kwa miguu?

Nyumbani kwetu, ni kazi gani tulimnyang'anya baba au mama kwa kumheshimu? Tukimrudishia sehemu yake, ataanza na ipi?

Tumuulize mzee mwenyewe, kabla ya kumshauri lolote: angependa aweze kufanya nini kabla ya Pasaka ijayo?